Jina lililo chini ya bango: shajara ya ukuta wa karakana, Ngara, Nairobi

Jumamosi, 11 Januari 2025

Leo nimesafisha ukuta mrefu wa karakana yangu, ule ulio juu ya benchi la kazi. Nimeupima: mita sita na nusu kwa urefu, na kutoka benchi hadi kwenye boriti ni mita mbili na ushee. Kwa miaka minne nimekuwa nikikusanya mabango na mapambo ya maduka ya spea na kuyalaza stoo juu ya magunia. Mwezi uliopita mke wangu aliniuliza, "Baba watoto, mali isiyoonekana inamfaa nani?" Sikuwa na jibu. Basi mwaka huu yanatoka stoo yapande ukutani, na shajara hii nitaiandika hadi bango la mwisho litundikwe.

Wengi wakisikia nakusanya vitu vya zamani vya magari hudhani ni magari yenyewe. Siyo. Ninachotafuta ni vile vitu ambavyo kampuni za mafuta, betri, plagi na tairi ziliwapa mawakala ili wavutie wateja: bango la enameli la kutundika nje ya mlango, kabati la bati la kupangia plagi kwenye kaunta, saa ya ukutani yenye jina la tairi, stendi ya waya ya mikanda ya feni, kadi za kusimamishwa karibu na droo ya pesa. Kampuni ikibadilisha rangi zake, vyote hivyo vilishushwa siku moja. Nimewahi kuona bango zuri la betri likiwa mlango wa banda la kuku huko Dagoretti, na kuku walikuwa salama kabisa ndani.

Nina vipande kumi na kimoja. Kilicho kipenzi cha watoto ni bati la Agip, yule mbwa mweusi mwenye miguu sita anayetema moto. Kuna makabati mawili ya plagi, saa mbili ambazo hazitembei, sanduku moja la taa, na mengine nitayataja nikiyafikia. Sharti langu ni moja tu, na nalishika: kitu kiwe kimefanya kazi Nairobi. Bango lililoletwa juzi kutoka Uingereza likiwa limefungwa kwa plastiki linaweza kuwa zuri kuliko yangu yote, lakini halijala vumbi la hapa, na mimi nalitafuta lililokula.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi Kirinyaga Road. Yeye hakuiita hivyo hata siku moja. Aliiita Grogan, jina lake la zamani, hadi alipofariki, na hadi leo ukisimama pale asubuhi utasikia mafundi wakisema, "Nashuka Grogan kutafuta kabureta."

Alhamisi, 30 Januari 2025

Soko la Gikomba, upande wa mto. Nilikuwa nimeenda kutafuta vyuma vya kona vya kutundikia, nikakuta bango limefunika mtaro mbele ya kibanda cha skrepa. Lilikuwa limelala kifudifudi na watu wanalikanyaga wakipita. Kilichonisimamisha ni ukingo wake: mahali palipobanduka palionyesha mstari mwembamba wa kijani kinachong'aa, na kijani cha namna ile hakipatikani kwenye rangi ya kopo.

Tuliligeuza. Wakefield Castrol Motor Oil. Kijani, nyekundu na nyeupe, futi tatu kwa mbili, tope limekauka kila mahali.

"Hili unauzaje?"

"Kwa kilo, mkubwa, kama mengine."

Tukaliweka kwenye mizani: kilo sita. Kwa bei yake ya siku ile lingekuwa shilingi mia mbili na sabini. Nilimwambia ukweli kwamba kwangu si skrepa na kwamba kuna watu wangelilipia zaidi, tukaelewana elfu mbili mia tano. Aliniandikia risiti bila kuombwa. Tangu biashara ya vyuma chakavu ilipopigwa marufuku Januari 2022 na kufunguliwa tena Mei mwaka huo kwa masharti ya leseni, wauzaji wengi wameshika adabu ya karatasi, na kwa mtu kama mimi hiyo ni heri, maana sitaki kamwe bango lililong'olewa usiku kwenye ukuta wa mtu.

Sasa kuhusu jina. Kampuni ilianzishwa na Charles Wakefield mwaka 1899, na jina Castrol lilikuja miaka kumi baadaye kwa sababu oili ile ilichanganywa na mafuta ya nyonyo, ambayo kwa Kiingereza huitwa castor. Nyonyo hii hii iliyotupakwa utotoni nywele zikikatika! Marehemu bibi yangu alikuwa na mnyonyo nyuma ya jiko. Angechekelea kusikia kwamba mbegu zake ziliwahi kuendesha ndege na pikipiki za mashindano.

Lakini kilichonifanya nilibebe mwenyewe begani badala ya kuita mkokoteni ni chini kabisa ya bango. Kuna ukanda mweupe uliokuwa wazi, na juu yake mtu ameandika kwa brashi, kwa mkono, herufi nyeusi zenye kivuli chekundu. Mwanzo wa mstari umefutika. Kinachosomeka ni "& SONS", kisha "GROGAN ROAD, NAIROBI", na sanduku la posta lenye tarakimu mbili za mwisho tu.

Jumapili, 2 Februari 2025

Siku ya kuosha. Nitaeleza taratibu kwa faida ya yeyote mwenye bango nyumbani, kwa sababu hapa ndipo mengi yanapoharibika.

Enameli ya mabango ni ileile ya vikombe vya bati vya chai: ni kioo. Kiwanda kilichukua bamba la chuma, kikalipaka tabaka la kwanza la unga wa kioo wenye rangi nzito, kikalichoma kwenye tanuru la karibu nyuzi 800 za Selsiasi mpaka kioo kikayeyuka na kushikana na chuma. Halafu rangi ya pili ikapakwa, zikafutwa sehemu zisizotakiwa kwa kutumia kiolezo, likarudi motoni. Kila rangi na moto wake. Ndiyo maana ukipitisha ukucha kutoka kwenye kijani kwenda kwenye nyekundu unahisi kijidaraja, kidogo mno, kama ukingo wa stempu iliyobandikwa kwenye barua. Kioo hakishiki kutu. Kutu huanzia pale kilipopigwa kikabanduka, au kwenye tundu la skrubu ambapo mtu alikaza kupita kiasi, kisha husafiri chini kwa chini ikisukuma kioo kinachopakana nayo.

Kwa hiyo: maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo matone machache, kitambaa laini. Msasa hapana. Waya wa kusugulia sufuria hapana kabisa, hata kama tope limegoma. Tope lililogoma lifunike kwa kitambaa chenye maji, unywe chai, urudi.

Nilianza juu. Kijani kilitoka kama majani baada ya mvua. Nikashuka kwenye nyekundu, nikashuka kwenye nyeupe, nikafika kwenye ukanda wa chini, nikapitisha kitambaa mara moja kama nilivyozoea. Kilirudi na wekundu.

Niliacha mkono hewani. Maandishi ya chini hayakuchomwa kiwandani. Ni rangi ya kawaida iliyopakwa juu ya kioo, nayo haina pa kushika, imekaa pale kwa uzee wake tu. Nilikuwa nimefuta kivuli cha herufi S ya mwisho, upana wa punje ya mchele. Kitambaa hicho nimekikausha na kukitia kwenye bahasha. Mke wangu aliuliza ni cha nini, nikamwambia ni cha kunikumbusha.

Ukanda sijaugusa tena. Nimeupuliza vumbi kwa brashi ya kupakia poda.

Jumatano, 19 Februari 2025

Nusu siku Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue, kwenye lile jengo lililokuwa Benki ya India. Nilifunga karakana saa tano. Nilitaka kujua bango langu ni la lini, na njia niliyojifunza ni kusoma anwani kabla ya kusoma picha.

Nairobi imebadilisha majina ya barabara zake kiasi kwamba bango lenye anwani ni sawa na bango lenye tarehe. Likisema Delamere Avenue, ni kabla ya kuwa Kenyatta Avenue. Government Road ndiyo hii Moi Avenue niliyokuwa nimekaa kando yake, kwa hiyo jina hilo la pili haliwezi kuwa kabla ya Moi kushika urais mwaka 1978. Victoria Street ikawa Tom Mboya Street baada ya Mboya kuuawa mwaka 1969, umbali mdogo kutoka pale nilipokaa. Likiorodhesha matawi "Nairobi, Kampala, Dar es Salaam, Tanganyika", basi lilichorwa kabla ya 1964 Tanzania ilipozaliwa. Nina stendi ya mikanda ya feni yenye miji mitatu hiyo bila Tanganyika, na naiweka kabla ya 1977, mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilivunjika na kampuni nyingi zikaacha kujitangaza kana kwamba nchi tatu ni soko moja.

Bango langu ni rahisi zaidi kuliko nilivyodhani. Mwaka 1960 kampuni ya Wakefield iliacha jina la mwanzilishi ikaitwa Castrol tu. Bango lenye Wakefield, basi, ni la kabla ya hapo. Lakini linaweza kuwa lilikaa ukutani miaka mingi baadaye, na mkono ulioandika chini unaweza kuwa wa baadaye pia.

Nilipitia magazeti ya miaka ya hamsini nikitafuta matangazo ya maduka ya spea ya Grogan Road. Ni mengi. Nilinakili yote yenye "& Sons" na sanduku la posta linaloishia kwa tarakimu zangu mbili. Hakuna lililolingana. Lakini nilijifunza kusoma mtaa ule upya, duka kwa duka: wa tairi jirani na wa betri, wa springi jirani na wa radieta, karibu vilevile ulivyo leo.

Na kuhusu Grogan mwenyewe, kwa kuwa vijana wanaofanya kazi kwangu waliniuliza. Ewart Grogan ndiye mlowezi aliyewachapa viboko wavuta rikisho Wakikuyu mbele ya mahakama ya Nairobi mwaka 1907, mchana, watu wakitazama. Kijana mmoja akaniambia, "Bosi, basi si tulifute hilo jina?" Nimelifikiria sana swali lake. Mtaa ulibadilishwa jina na ulistahili kubadilishwa. Lakini mkono ulioandika Grogan kwenye ukanda huu ulikuwa unaandika mahali pa kazi pa watu, na mafundi waliolibeba jina hilo mdomoni walilifanya liwe la kabureta na grisi. Baba yangu hakuwa anamtaja mlowezi. Alikuwa anataja alikolishia familia yake. Litabaki.

Jumamosi, 8 Machi 2025

Sanduku la taa limevunjika. Nilimpa mtu wa kubeba mizigo alitoe stoo ya shemeji yangu Ruiru alilete hapa, nikamweleza ni plastiki ya zamani, liwekwe wima. Liliwekwa chini ya gunia la viazi. Uso wake, ambao ulikuwa na nyota nyekundu ya Caltex, una ufa kutoka kona hadi kona. Nyota hizi zilishushwa mjini kote baada ya Total kuinunua Caltex Kenya mwaka 2009, na plastiki za wakati ule zikikauka hazigundiki vizuri. Nimeipiga picha, nimeifunga. Haitapanda ukutani mwaka huu.

Jumamosi, 22 Machi 2025

Leo nusu ya mafundi wa Ngara wako Naivasha kutazama Safari, yale mashindano ya magari, nami nilikuwa Industrial Area tangu saa moja asubuhi, kwenye gereji inayofungwa. Mwenyewe ni mzee wa miaka themanini na kitu, watoto wake wako Kanada, kiwanja kimeuzwa. Nilikuwa nimeambiwa ana kabati la plagi. Kabati lilikuwepo, bovu. Kisha akasema, "Kijana, njoo nikuonyeshe kitu," akaondoa turubai.

Mashine ya Champion ya kusafisha na kupima plagi. Ya kusimama, inanifika kifuani, bati lake limepauka lakini maandishi yapo, na juu kuna dirisha dogo la kioo. Nimefanya umeme wa magari miaka ishirini na sita na nilikuwa nimeiona kwenye picha tu.

Naomba niieleze polepole, maana hii ndiyo tangazo bora kuliko yote niliyo nayo. Mteja alikuja na gari linalokohoa. Fundi alifungua plagi mbele yake, akaiingiza kwenye tundu la kushoto lenye mpira. Ndani kuna mchanga mkali, na upepo wa kompresa unaurusha kwenye ncha ya plagi hadi masizi yatoke. Kisha plagi ikafungwa kwenye tundu la kulia, ambalo ni chumba kidogo cha chuma kisichovuja. Hapo ndipo pana siri. Plagi chovu inaweza kutoa cheche nzuri ukiishika hewani nje ya injini, na fundi asiyejua atakuapia kuwa ni nzima. Lakini ndani ya silinda hewa imebanwa, na hewa iliyobanwa huipa cheche kazi kubwa zaidi ya kuruka ule mwanya. Kwa hiyo mashine inaibana hewa kwa makusudi, unafungua vali taratibu huku sindano ya geji ikipanda, na mteja anachungulia dirishani. Cheche ya plagi nzima inabaki ya samawati na haitetereki. Ya plagi mbovu inaanza kurukaruka, inapanda pembeni juu ya kauri, inakatika.

"Sikuwa nabishana na mtu," mzee alisema. "Namwambia, angalia wewe mwenyewe. Akiinua kichwa, mkono tayari uko mfukoni."

Nilimuuliza bei. Akaniuliza nitaiweka wapi. Nilipomwambia kuhusu ukuta, akataja kiasi ambacho sikutarajia kwa udogo wake, kwa sharti kwamba iwashwe na isiwekwe kama kaburi. Nimekubali. Waya wake wa umeme una ngozi ya mpira na kitambaa, na mpira umekauka unavunjika kama biskuti, kwa hivyo haiwashwi mpaka nibadilishe waya wote na kuifungia waya wa ardhi. Upande wa mchanga nitauacha umezibwa. Chembe ikibaki kwenye kauri ya plagi inaingia kwenye silinda, na sitaki kuharibu injini ya mtu kwa ajili ya maonyesho. Upande wa kupima utafanya kazi.

Mlangoni mzee alinishika mkono akasema bado: akarudi ndani akaleta bakuli la bati la kuwekea plagi chafu, lenye nembo ileile. "Hivi viwili havijawahi kuachana."

Alhamisi, 17 Aprili 2025

Mkesha wa Ijumaa Kuu. Nimefanya kazi ya kadi.

Ni kadi ya kaunta ya plagi, ya karatasi ngumu, ina mguu wa nyuma wa kukunja. Jina la plagi limekatika pamoja na kona ya juu. Picha ni Datsun 240Z ikiwa angani, magurudumu yote manne yameacha barabara, na chini imeandikwa kwamba ni mshindi wa Safari 1971. Dereva aliyeshinda mwaka huo ni Edgar Herrmann, na gari lake lilikuwa jekundu na boneti nyeusi. Kwenye kadi yangu gari ni la kijivu kinachoelekea samawati, na vumbi la barabara limekuwa rangi ya mawingu.

Ni jua lililofanya hivyo. Katika wino wa kuchapia, nyekundu na njano hukata tamaa mapema na samawati huvumilia. Tazama bango lolote la kinyozi lililokaa dirishani, nyuso zote zimekuwa za samawati. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hatua chache tu kusini mwa ikweta, jua letu halina huruma hata siku ya baridi. Kadi hii ilikaa dirisha linalotazama magharibi, naamini hivyo kwa sababu upande mmoja umepauka zaidi. Itatundikwa kona ya ndani kabisa, mbali na mlango, ndani ya fremu yenye nafasi kati ya kioo na karatasi ili zisigusane.

Niliishika kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Safari ilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa malkia wa Uingereza, lakini kufikia utoto wangu ilikuwa yetu, na Pasaka ilikuwa Safari. Shekhar Mehta alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, juu ya ushindi wake wa 1973, na mwaka mmoja kati ya hiyo baba alinibeba mabegani pale KICC, jumba la mikutano la katikati ya mji. Sikumbuki gari. Nakumbuka harufu ya koti lake, petroli na sabuni ya kipande.

Jumamosi, 24 Mei 2025

Nimeuziwa bango la kuigiza. Elfu nane zimekwenda. Nilikubaliana na muuzaji kwa picha tu, jambo ambalo sitarudia. Lilipofika nikapitisha ukucha: hakuna daraja kati ya rangi, zote zimechapwa sawasawa kwenye bati jepesi. Kutu ni ya rangi moja na imeenea hata pasipobanduka, yaani imemwagiwa tindikali. Matundu ya skrubu hayana alama ya kichwa cha skrubu hata kimoja. Bango lililotundikwa miaka thelathini lina duara kila tundu. Nalihifadhi stoo ili vijana wajifunze kwa kulishika.

Jumamosi, 5 Julai 2025

Mashine imewaka! Waya mpya, swichi mpya, koili ni yake yenyewe. Kijana mdogo alipoona cheche ya samawati dirishani alirudi nyuma hatua mbili, kisha akarudi mbele tatu.

Jioni alikuja mnunuzi mmoja mwenye mkusanyiko mkubwa. Mtu mstaarabu, anajua vitu. Alisimama mbele ya Wakefield kwa dakika tano, akanipa ofa ya elfu arobaini. Kisha akaongeza, "Ila nitaomba uniondolee hiyo chini. Inachafua. Kwa tina inatoka dakika moja."

Nilimwambia siuzi. Alipanda hadi hamsini, na nakiri karo za muhula ujao zilinipita kichwani. Lakini nilimweleza hivi: sehemu ya juu ya bango hili zilichomwa nyingi, zilikwenda Durban, Sydney, Calcutta, na ukitaka nyingine utaipata. Sehemu ya chini ni moja duniani. Mtu alipanda ngazi Grogan Road akaiandika kwa mkono wake. Ukiifuta utabaki na bango la Castrol, na mimi sikusanyi mabango ya Castrol.

Hakukubaliana nami. Tuliagana vizuri.

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Vipande tisa viko juu. Nimetumia vyuma vya kona na mpira kati ya skrubu na enameli, na hakuna tundu jipya lililotobolewa kwenye bango lolote. Mbwa wa miguu sita yuko juu ya mlango. Wakefield yuko katikati, usawa wa macho, ili ukanda wa chini usomeke.

Kwa miezi miwili nimekuwa nikiuliza kwenye vibanda vya chai vya Kirinyaga Road kama kuna aliye hai kati ya waandika vibao wa zamani. Wiki hii mama mmoja wa chapati alinielekeza Ziwani. Leo asubuhi nilimleta kwa teksi. Ni mzee mwembamba, macho yake yana ukungu lakini vidole havitetemeki.

"Shikamoo mzee, karibu."

"Marahaba, mwanangu. Nipe kiti, na usizungumze kwanza."

Alisogeza uso hadi karibu aguse bango. Akafuata herufi kwa kidole bila kuzigusa, hewani, kwa mpangilio wa brashi: juu kwenda chini, kisha mkato. Alipofika kwenye R ya GROGAN alisimama.

"Huu mguu wa R unaona umepinda kama mtu anayepiga teke? Si wangu. Ni wa aliyenifundisha. Mimi nilishika ngazi na kopo." Akaniambia rangi nyeusi ilikuwa ya kupaka magari, waliiomba kwa wapiga rangi wa jirani, na kwamba mwalimu wake hakuwahi kuchora mistari ya kuongoza kwa penseli, alitumia uzi uliopakwa chokaa, akaudonoa kama gitaa.

Kisha akalitaja jina lililokosekana kabla ya "& Sons". Alilitaja kama mtu anayemtaja jirani. Sitaliandika hapa hadi niwapate watu wa familia hiyo na waridhie. Nilimuuliza duka lilikuwa wapi.

"Kwani umefunga karakana?" akasema. "Twende."

Tulishuka Grogan kwa miguu, pole pole, yeye amenishika kiwiko. Alipita maduka bila kuyatazama, akihesabu vichochoro. Mbele ya duka la springi aligeuka akaelekeza fimbo juu ya mlango. Ukuta ni wa mawe ya kuchonga, umepakwa rangi mara nyingi, na chini ya rangi hiyo kulikuwa na vifundo vinne vilivyozibwa. Mwenye duka alituazima ngazi. Nilipanda na tepu ya kupimia na bisibisi. Kifundo cha kwanza kilipobanduka kilitoa mbao: kigingi cha mbao kilichopigiliwa kwenye jiwe, cha zamani kabla ya vile vya plastiki, na katikati yake tundu la skrubu.

Matundu ya bango langu yameachana inchi 34 kwa upana na 22 kwa kimo. Nilivuta tepu kutoka kigingi hadi kigingi. Thelathini na nne. Nikashuka upande wa kulia: ishirini na mbili. Cha nne, cha chini kushoto, kilikuwa kimepitiwa na bomba la waya za umeme, hakipimiki.

"Ngapi?" mzee aliuliza kutoka chini.

Nikamtajia. Akatikisa kichwa kukubali, akamgeukia mwenye duka la springi na kuanza kumweleza ni nani alikuwa anakaa pale kabla yake.